Uhai na Uvunjaji wa Vitu katika Ukokotozi wa Wakati wa Kufasiri Msimbo: Urekebishaji wa Hitilafu katika Kompaila za C++

Makala haya yanafafanua aina moja ya hitilafu katika kompaila za lugha ya C++, yaani programu zinazofasiri msimbo kuwa maagizo ya mashine. Tangu kanuni za mwaka 2011, C++ huruhusu baadhi ya fanksheni zikokotolewe na kompaila yenyewe, kabla programu haijaanza kutumika. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu pia vitu vyenye fanksheni maalumu za uvunjaji, pamoja na kuomba kumbukumbu, mradi irejeshwe kabla ukokotozi haujaisha.

Ili kutekeleza hayo, kompaila hutunza jedwali la vitu na thamani zake. Kitu kinapofikia mwisho wa bloku yake, fanksheni ya uvunjaji lazima iitwe, kwa mpangilio ulio kinyume cha uundaji, kisha thamani ifutwe jedwalini. Hitilafu huzuka hatua hizo zinaporukwa, hasa bloku inapoachwa katikati ya mzunguko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Huko Sitalike, langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, viboko husongamana katika mabwawa ya Mto Katuma wakati wa kiangazi. Programu inajumlisha idadi yao kwa mzunguko, na kila bwawa lina kigeu chake kipya. Mwandishi amekipa kigeu thamani katika bwawa la kwanza tu. Kanuni zinaitaka kompaila iukatae msimbo huo. Kompaila yenye hitilafu huikuta jedwalini thamani ya bwawa lililotangulia na kuitumia. Jumla potofu hukaa ndani ya programu kama namba thabiti, wala mtumiaji hapati onyo lolote.

Urekebishaji unaofaa hauzibi dalili moja moja. Ufutaji huwekwa mahali pamoja ambapo kila njia ya kutoka kwenye bloku hupitia. Kisha huandikwa majaribio mawili: msimbo halali unaopaswa kukubaliwa, na msimbo batili unaopaswa kukataliwa. GCC toleo la 14, lililotolewa mwaka 2024, liliimarisha ufuatiliaji wa uhai wa vitu kwa mwelekeo huo.

Kwa hiyo, usahihi wa kompaila haupimwi kwa majibu inayotoa pekee, bali pia kwa misimbo inayoikataa.