Hofu ya Kuanguka: Magokoro na Maswali Kumi na Sita

Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii ilinijia nilipokuwa kijijini Nyamira, nikimtazama bibi mmoja akiteremka kilima cha udongo mwekundu baada ya mvua, fimbo mkononi. Wagusii humwita bibi wa namna hiyo magokoro. Aliwahi kuanguka njiani akitoka kuteka maji. Mjukuu wake alinifasiria maneno yake: miguu ni mizima, ila moyo ndio unaotetemeka.

Ndugu msomaji, hofu hiyo ina kipimo chake. Mwaka 1990 daktari Mary Tinetti wa Marekani na wenzake walitunga maswali 10. Mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya, akiwemo Lucy Yardley wa Uingereza, walitoa kipimo cha maswali 16 ili kifae nchi mbalimbali. Mzee huulizwa ana wasiwasi gani wa kuanguka akioga, akipanda ngazi, akiwahi simu kabla haijanyamaza, au akiwatembelea jamaa. Kila jibu lina alama 1 hadi 4. Asiye na wasiwasi hupata 16, mwenye hofu kuu 64.

Si jambo la mzaha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hofu nayo huzaa maradhi: mzee akiogopa hukaa kitako, akikaa misuli hulegea, na ikilegea ndipo huanguka kweli.

Nilimsomea magokoro maswali yale. La simu lilimchekesha, kwani yake ameifunga pembeni mwa leso. Ngazi kwake hakuna. Alishangaa kuwa hakuulizwa kuhusu kuchuma majani chai mteremkoni wala kubeba mtungi. Kwetu Mji wa Kale wa Mombasa mambo ni mengine: hofu ni kutia udhu penye sakafu ya maji, na kuinuka kutoka kwenye sijida. Kufasiri maneno peke yake hakutoshi. Lazima kufasiri na maisha.

Tulipofika kwenye swali la kutembelea jamaa, uso wake ulibadilika. Akajibu: nne. Kumbe si utelezi anaouogopa. Mei 2008 wazee 11 walichomwa moto huko Kisii kwa kushukiwa uchawi, na Oktoba 2021 akina mama wazee wanne waliuawa Marani kwa tuhuma hiyo hiyo. Tangu hapo magokoro hatoki jioni. Daktari akiiona ile nne atampa fimbo, na fimbo haimkingi mtu na majirani zake.

Niliporejea Mombasa nilimkumbuka mama yangu, ambaye kwa miezi mingi hakuwa akishuka chini kuzungumza na wenziwe barazani. Sisi watoto tulisema ni uzee tu. Safari hii nilimwuliza, "Mama, waogopa nini?" Akanijibu bila kusita, "Kidato cha tatu, mwanangu. Kimemeguka."

Fundi alikuja kesho yake. Nyumba nzima tulikuwa tukikiruka kidato kile kila siku, wala hakuna aliyemwuliza.