Nyumba ya Mchinjaji: Historia ya Milki katika Barabara Kuu ya Stratford-upon-Avon

Karibu kila mji wa zamani wa Uingereza una barabara moja ambayo tangu enzi za kati imekuwa kitovu cha biashara yake, nayo huitwa High Street, yaani barabara kuu ya mji, ambamo maduka, benki, vilabu vya pombe na ofisi za mawakili hupangana bega kwa bega, huku juu ya vioo vya maduka hayo yakionekana maghorofa ya karne nyingi zilizopita. Mgeni anayetazama chini huona bidhaa zilezile zinazouzwa katika kila mji wa nchi hiyo. Anayeinua macho huona historia ya mji wenyewe. Katika mji wa Stratford-upon-Avon, ulioko mkoa wa Warwickshire katikati ya Uingereza, unaofahamika duniani kwa kuwa mahali alipozaliwa na kuzikwa William Shakespeare, nyumba namba 26 ya barabara hiyo ni mfano mzuri wa jinsi jengo moja linavyoweza kupita katika mikono ya watu wa tabaka na mabara tofauti bila kuhama kutoka katika kipande kile kile cha ardhi. Leo inajulikana kama Harvard House.

Kipande hicho ni cha kale kuliko nyumba. Mwaka 1196 Askofu wa Worcester, John wa Coutances, ambaye alikuwa bwana wa ardhi ya Stratford, aliupima mji mpya kando ya kijiji kilichokuwapo, akapata kutoka kwa Mfalme Richard wa Kwanza idhini ya kufungua soko la kila wiki, na akaigawa ardhi katika viwanja vyenye upana wa kiasi cha meta 18 na urefu wa kiasi cha meta 60, ambavyo kila kimoja kililipiwa kodi ya shilingi moja ya Kiingereza kwa mwaka. Mwenye kiwanja cha namna hiyo hakuwa mtwana wa kumlimia bwana wake mashamba. Alilipa fedha, akawa huru kufanya biashara, na aliweza kukiuza kiwanja, kukirithisha au kukikata vipande. Uhuru huo wa kukata vipande ndio uliozifanya nyumba nyingi za barabara kuu za Uingereza kuwa nyembamba kwa mbele na ndefu kwa nyuma, maana kila mfanyabiashara alitaka angalau mlango mmoja unaotazama wanunuzi, na kilichobaki, kama ghala, zizi, jiko na bustani, alikisukumia uani.

Nyumba ya sasa imetokana na moto. Mwezi Septemba 1594, na tena Septemba 1595, Stratford iliungua vibaya, na kwa kuwa ajali zote mbili zilitokea siku ya Jumapili, walikuwako wahubiri waliodai kuwa mji uliadhibiwa kwa kuivunja Sabato. Sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba mapaa mengi yalikuwa ya nyasi, kuta zilikuwa za mbao, na kazi za kukausha kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya kutengenezea pombe, zilihitaji moto ndani ya mji. Mwaka 1614 moto mwingine uliteketeza nyumba 54. Katika ujenzi mpya uliofuata mioto ya 1594 na 1595, mwaka 1596, mchinjaji mmoja aitwaye Thomas Rogers alisimamisha nyumba ya ghorofa katika barabara kuu, na kwa namna alivyoijenga ni dhahiri kwamba alikusudia watu wajue kuwa moto haukumfilisi.

Kiunzi chake ni cha boriti za mwaloni, mti mgumu wa Ulaya, ambazo mafundi walizichonga zingali mbichi na kuziunganisha kwa ndimi, matundu na vigingi vya mbao. Baina ya boriti, kuta za namna hii zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa kwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kazi ambayo fundi wa nyumba za udongo wa pwani ya Afrika Mashariki angeitambua mara moja, isipokuwa kwamba juu yake ilipakwa chokaa nzito ya kuzuia baridi. Ghorofa ya juu imechomoza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, kama ulivyokuwa mtindo wa wakati huo. Lakini kinachoitofautisha nyumba hii na jirani zake ni michoro iliyochongwa usoni mwake: nyuso za watu, maua na mizabibu, dubu na gongo ambao ni nembo ya wakuu wa Warwick, na kichwa cha fahali ambacho bila shaka kinaitangaza kazi ya mwenye nyumba. Chini ya dirisha imechongwa tarehe 1596, na kandoni mwake herufi TR na AR, yaani Thomas Rogers na mkewe Alice.

Herufi hizo mbili za mwisho zinastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu zinasema jambo ambalo sheria haikulisema. Kwa sheria ya Uingereza ya zama hizo, mwanamke akishaolewa mali yake ya kuhamishika ilikuwa ya mumewe na ardhi yake ilisimamiwa na mumewe, hali iliyodumu kwa kiasi kikubwa mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya mali ya wanawake walioolewa mwaka 1882. Mjane peke yake ndiye aliyekuwa na nguvu: alistahili kutumia theluthi ya ardhi ya marehemu mumewe muda wote wa uhai wake, na aliweza kuweka wosia na kufanya biashara kwa jina lake. Kwa hiyo Alice, ambaye jina lake limo katika mbao za nyumba mbele ya macho ya mji mzima, hakuhesabiwa na sheria kuwa mmiliki mwenza. Rogers mwenyewe alikuwa zaidi ya muuza nyama. Alifanya biashara ya ng'ombe na nafaka, akaingia katika baraza la mji, chombo kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1553 ili kuendesha mambo ya Stratford, na ambamo baba yake Shakespeare, mshona glavu, alikuwa ameshika vyeo miaka ya nyuma.

Jina la Harvard liliingia kwa njia ya ndoa. Mwaka 1605 Katherine, binti wa Rogers, aliolewa na Robert Harvard, naye pia mchinjaji, wa Southwark, mtaa ulioko kusini ya mto Thames mkabala na London. Mtoto wao John alibatizwa huko Southwark mwezi Novemba 1607. Tauni ya mwaka 1625 ilimuua Robert na watoto wake kadhaa. Katherine aliolewa tena mara mbili, na kila mara mume alipotangulia mali ilimjia na kuongezeka, hata alipofariki mwaka 1635 akawa na cha kuwaachia wanawe, ikiwa ni pamoja na nyumba ya wageni ya Queen's Head. John, aliyesoma Chuo cha Emmanuel huko Cambridge, alivuka bahari kwenda Massachusetts mwaka 1637 na akafa kwa kifua kikuu mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 30. Nusu ya mali yake na vitabu vyake vipatavyo 400 aliviachia chuo kipya ambacho serikali ya koloni ilikuwa imekitengea paundi 400 mwaka 1636, nacho kikapewa jina lake mwaka 1639. Ikumbukwe kwamba John Harvard hakuzaliwa katika nyumba ya Stratford wala hakuimiliki. Uhusiano wake nayo ni wa mjukuu na nyumba ya babu mzaa mama, na umaarufu wa jengo hilo umesimama juu ya uzi huo mwembamba.

Ili kuelewa jinsi nyumba kama hiyo ilivyohama kutoka kwa mtu hadi mtu, ni lazima kufahamu kwamba kwa nadharia ya sheria ya Uingereza, tangu William Mnormandi alipoiteka nchi mwaka 1066, ardhi yote ni ya mfalme, na kile ambacho raia hukiita mali yake ni haki ya kuikalia. Haki kubwa kupita zote ni umiliki huru, usio na ukomo wa miaka na unaorithiwa. Inayofuata ni umiliki wa pango, ambao mtu hununua kwa muda maalumu, pengine miaka 21, pengine 99, na muda ukiisha nyumba humrudia mwenye umiliki huru. Mgawanyo huu ulipelekwa na Waingereza katika makoloni: Kenya ingali inautumia, ilhali Tanganyika iliufuta umiliki huru kwa sheria ya mwaka 1963 na kuugeuza kuwa pango kutoka serikalini.

Katika Uingereza ya zama za Rogers hapakuwa na daftari la serikali la kuonyesha nani anamiliki nini. Aliyetaka kununua alilazimika kusoma hati zote za mauzo yaliyotangulia, na muuzaji asiye na hati alikuwa na shida. Wenye tahadhari walitumia njia ambayo kwa macho ya leo ni kichekesho: mnunuzi alimshtaki muuzaji mahakamani kwa kesi ya kujifanya, akidai ardhi ni yake, muuzaji akakiri, na mahakama ikaandika suluhu mara tatu katika ngozi moja, kisha ngozi ikakatwa kwa mstari wa mawimbi. Kila upande ulichukua nakala yake, na ile ya chini ikabaki mahakamani, hivi kwamba mtu akighushi nakala, mawimbi ya ukingo wake hayangelingana na yale ya wenzake. Hivyo ndivyo Shakespeare alivyoinunua New Place mwaka 1597, nyumba kubwa iliyokuwa katika mstari huohuo wa mitaa, mbele kidogo ya nyumba ya Rogers. Hati inataja bei ya paundi 60, ingawa katika kesi za namna hiyo bei iliandikwa kwa mazoea na aghalabu ilikuwa chini ya ile halisi. Muuzaji, William Underhill, alifariki miezi miwili baadaye kwa sumu aliyolishwa na mwanawe mkubwa. Mwana huyo alinyongwa, na Shakespeare hakutulia mpaka mwaka 1602, mdogo wa muuaji alipofikia umri wa utu uzima na kuthibitisha mauzo kwa hati mpya.

New Place inaonyesha pia upande mwingine wa umiliki huru. Katika karne ya 18 iliangukia mikononi mwa kasisi Francis Gastrell, aliyechoshwa na wageni waliokuja kuuona mforosadi uliosemekana kupandwa na mshairi, akaukata. Kisha, baada ya kugombana na mji juu ya kodi ya kuwasaidia maskini, ambayo hakutaka kuilipa yote kwa kuwa alikaa Stratford sehemu tu ya mwaka, aliibomoa nyumba nzima mwaka 1759. Wananchi walimchukia sana, lakini sheria ilikuwa upande wake.

Nyumba ya Rogers iliponea katika hali ya kutojulikana. Kwa zaidi ya karne mbili ilikaliwa na wenye biashara wa kawaida wa mji, wakati ambapo majirani wengi walizifunika boriti zao kwa lipu ili zifanane na majengo ya kisasa. Katika miaka ya 1880 mtafiti wa nasaba wa Kimarekani, Henry FitzGilbert Waters, alipokuwa akipekua wosia za zamani za Uingereza, aliwagundua wazazi wa John Harvard, na hapo jengo lililokuwa duka tu likapata nasaba.

Aliyeitumia nasaba hiyo ni Marie Corelli, mwandishi wa riwaya zilizouzwa kwa wingi mno katika zama zake na kudharauliwa na wahakiki kwa kiasi kilekile, ambaye alikuwa amehamia Stratford na kujulikana kwa mashua aliyoiagiza kutoka Venice na kwa ugomvi wake na viongozi wa mji. Mwaka 1903 alipinga hadharani kubomolewa kwa nyumba za kale za mtaa wa Henley ili kupisha maktaba ya fedha za tajiri Andrew Carnegie. Mwaka 1909 alimshawishi Edward Morris wa Chicago alinunue jengo hilo la barabara kuu na kuligharimia ukarabati, uliosimamiwa na Corelli mwenyewe. Morris alikuwa mmoja wa wakuu wa biashara ya kuchinja na kusindika nyama Marekani, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kwa fedha za bucha iliokolewa kwa fedha za bucha, sadfa ambayo hakuna mtunzi wa riwaya, hata Corelli, angethubutu kuibuni. Mwezi Oktoba mwaka huo ilifunguliwa rasmi na balozi wa Marekani, Whitelaw Reid, na ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Harvard.

Tangu hapo mmiliki ni chuo cha ng'ambo ya Atlantiki, na tangu mwaka 1990 uangalizi umekuwa wa Shakespeare Birthplace Trust, taasisi ya wadhamini inayotunza pia nyumba za familia ya Shakespeare. Mfumo wa hati umebadilika: ofisi ya usajili wa ardhi ilianzishwa mwaka 1862, lakini usajili wa kila ardhi inayouzwa ulikuja kuwa wa lazima katika Uingereza yote na Wales mwezi Desemba 1990 tu. Uhuru wa Gastrell nao umekwisha. Harvard House imo katika orodha ya majengo yenye thamani ya kihistoria, katika daraja la kwanza ambalo hupewa majengo machache sana nchini, na kwa sababu hiyo mmiliki, awe tajiri kiasi gani, hawezi kubadili dirisha, kuondoa boriti wala kuvunja ukuta wa ndani bila kibali cha mamlaka ya mipango. Akifanya hivyo ametenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake yaweza kuwa faini isiyo na kikomo au kifungo.