Likasi: Kabla ya Redio, Tafuta Pawasaplai

Likasi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina mitambo ya umeme jirani yake. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, ilianza kuzalisha mwaka 1930 ili kulisha viwanda vya kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye Koni ikajengwa kwenye mto huo huo. Mwaka 1982 njia ya umeme kutoka bwawa la Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ikafika Kolwezi. Lakini mitambo na nyaya hizo zilijengwa kwa ajili ya shaba kwanza, na hadi leo migodi ndiyo yenye kiu kubwa. Nyumbani mtu hupata kinachobaki: volti 220 asubuhi, pengine 160 jioni watu wanapowasha majiko, kisha giza.

Kwa taa, hiyo ni kero tu. Kwa mpenzi wa redio ya ridhaa, ambaye katika Kongo hii jina lake la hewani huanza na 9Q, ndilo swali la kwanza la ufundi. Redio zake nyingi zinataka umeme wa mkondo mmoja wa volti 13.8, kiwango cha gari ambalo injini yake inawaka. Kwa kawaida zinavumilia asilimia 15 juu au chini, yaani kati ya 11.7 na 15.9. Redio ya wati 100 ikisikiliza hula ampea moja au mbili. Ikirusha sauti hupanda ghafla hadi 20 hivi. Kazi ya pawasaplai ni kushikilia 13.8 hiyo, hata ukutani kuwe na volti ngapi, na hata redio ivute kiasi gani.

Tufungue ile ya mtindo wa zamani, ile nzito. Transfoma hushusha 220 hadi 18. Dayodi nne hugeuza umeme uelekee upande mmoja, na kapasita kubwa huujaza hadi volti 23 na nusu. Hapo umeme bado unapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa sababu kila mzunguko kati ya ile 50 ya gridi hutoa mapigo mawili. Mbele yake zimepangwa transista za nguvu, mara nyingi 2N3055, zikiwa kama mkono ulioshika koki ya bomba. Saketi ndogo hulinganisha volti zinazotoka na kipimo kisichobadilika. Zikishuka hufungua koki, zikipanda huifunga.

Volti zinazozidi hugeuka joto. Kapasita ikiwa na wastani wa 21.5 na redio ikivuta ampea 20, wati 150 hivi zinapotea kwenye transista. Ndiyo maana mgongo wa pawasaplai hiyo ni mapezi ya alumini, na ndiyo maana vumbi la Likasi likiziba feni, transista hufa.

Sasa shusha umeme wa ukutani hadi 160. Kapasita inajaa hadi 16.5 tu, na kati ya pigo na pigo, redio ikivuta ampea 20, inaweza kupungua kwa volti 4 na kufikia 12.5. Koki imefunguliwa hadi mwisho na maji hayatoshi. Anayekusikiliza Lubumbashi au Kigoma anasikia sauti yako ikibebwa na mvumo mzito. Redio haina ugonjwa wowote. Iliyozidiwa ni pawasaplai.

Pawasaplai nyepesi za kisasa hufanya vingine. Hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo transfoma yao ni ndogo na joto lao ni dogo. Zile zinazokubali volti 100 hadi 240 hazijali jioni ya Likasi. Tatizo lao ni kelele: zilizotengenezwa kwa bei rahisi hujaza mawimbi mafupi mikwaruzo, na sauti ya mbali inazama humo.

Iwe ya zamani au ya kisasa, usinunue isiyo na kinga ya volti kuzidi. Katika ile ya zamani, transista ikiungua na kushikana ndani, volti 23 zote zinaelekea kwenye redio. Kinga nzuri huzikatiza hapo hapo na kukata fyuzi. Fyuzi ni ya pesa kidogo. Redio ni akiba ya miaka.

Kwa mji wetu mpango unaofaa ni pawasaplai pamoja na betri ya asidi ya volti 12. Volti 13.8 zinakaribia sana kiwango cha kuiweka imejaa bila kuichemsha. Weka kikomo cha ampea za kuchaji na njia ya kuzuia betri isirudishe umeme ndani ya pawasaplai. Umeme ukikatika, mazungumzo yanaendelea.

Kabla ya kulipa, chukua mita na upime pawasaplai jioni ikiwa na mzigo kamili. Kipimo cha asubuhi bila mzigo hakikuambii lolote. Ikishikilia 13.8 saa ambayo mtaa mzima unapika, hiyo ndiyo ya kununua, kisha pesa iliyobaki iamue ukubwa wa redio.