Mjue Plasmini, Fundi Anayebomoa Damu Iliyoganda Ndani Yako (na Kwa Nini Unafaa Kucheki Saa)

Ukijikata ukikatakata sukuma, damu inatoka, inaganda, maisha yanaendelea. Kwa wengi wetu stori inaishia hapo. Lakini ushawahi kujiuliza, ile damu iliyoganda ndani ya mshipa huenda wapi baadaye? Haibanduki nje kama kigaga. Kuna msee wa kazi huko ndani na leo unafaa kumjua. Anaitwa plasmini.

Plasmini ni kimeng'enya, yaani protini ya kukatakata vitu. Ni wa familia moja na vile vinavyovunja nyama choma ikifika kwa utumbo. Tofauti ni kwamba yeye yuko kwa damu, na kazi yake kubwa ni mabonge.

Twende mjengo kidogo. Ushaona mafundi wakimwaga slabu? Kwanza wanapiga mbao za kuishikilia. Ikikauka, mbao zinatolewa. Zikitolewa mapema, slabu inakuja chini. Zisipotolewa, hiyo nyumba haikaliki.

Mshipa ukipasuka, mwili unafanya vivyo hivyo. Chembe sahani zinajazana kwa shimo, halafu nyuzi za protini inayoitwa fibrini zinafumwa hapo kama wavu. Hizo ndizo mbao zako. Kidonda kikianza kupona, plasmini anakuja kuzikata mdogo mdogo hadi njia ifunguke. Vile vipande vinavyobaki hata vinaweza kupimwa kwa maabara, na daktari akishuku una damu imeganda mahali, hiyo ni moja ya vitu anaweza kuangalia.

Sasa, fundi mwenye msumeno hawezi kuachwa azurure ovyo. Ndio maana ini linamtengeneza akiwa amelala. Akiwa usingizini anaitwa plasminojeni, anazunguka na damu bila kusumbua mtu. Bonge likiundwa, ananaswa ndani yake, kisha ukuta wa mshipa unatoa protini ya kumwamsha hapo hapo saiti. Akitoroka arudi kwa damu, kuna soja wake anayemdaka chap chap.

Balansi ni hiyo. Noma inaanza ikipotea.

Tuseme bonge limemshinda nguvu. Likiziba mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Likikwama kwa mapafu, pumzi inakata. Likiziba mshipa wa ubongo, hicho ni kiharusi. Kuna hata watu wachache sana wanaozaliwa na plasminojeni kidogo mno: fibrini inarundikana ndani ya kope zao hadi zinakuwa ngumu kama mbao.

Madaktari walishangaa kujua bakteria walikuwa wameshaisoma hii rada kitambo. Mwaka wa 1933, William Tillett wa Marekani aligundua kuwa bakteria wa streptokoki wanatoa kitu kinachoyeyusha bonge. Wanaamsha plasmini wa mwenye mwili ndio awafungulie njia! Kitu hicho, streptokinesi, baadaye kikawa dawa ya mshtuko wa moyo.

Kwa kiharusi, dawa iliyozoeleka ni alteplesi, kopi ya ile protini yetu ya kumwamsha plasmini. Marekani iliikubali kwa kazi hiyo mwaka wa 1996. Lakini kwa kawaida inapewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kichwa kipigwe picha kwanza. Kwa nini? Kwa sababu kuna kiharusi kingine kinachotokana na mshipa kupasuka, na hapo kumwamsha plasmini ni kumwaga petroli kwa moto. So usijifanye daktari na vidonge vya dukani.

Ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla, ama maneno yanatoka yameteleza, hiyo si ya kusema "wacha alale, asubuhi atakuwa fiti." Mpeleke hosi, tena ile iko na mashine ya kupiga picha ya kichwa kama iko karibu. Hata ukichelewa, mpeleke tu, kuna matibabu mengine.

Sasa geuza meza: plasmini akichapa kazi kupita kiasi. Hapa mfano mkubwa ni mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mwili wake unajaribu kugandisha, lakini plasmini anakata nyuzi mapema. Mbao zinatolewa slabu ikiwa bado maji.

Dawa ya kumtuliza ilitoka Japani. Mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, walitangaza asidi ya traneksamiki mwaka wa 1962. Inamzuia asiweze kushika nyuzi za fibrini. Ilikaa miaka mingi kabla ijaribiwe vizuri kwa akina mama. Mwaka wa 2017, utafiti wa wanawake zaidi ya 20,000 kutoka nchi 21 ulionyesha kuwa ikipewa ndani ya masaa 3, vifo vya kuvuja damu vinapungua kwa karibu theluthi moja. Kila dakika 15 za kuchelewa zinakula karibu asilimia 10 ya faida yake. Utako aliaga 2016, kabla majibu yatoke.

Na sisi tuko ndani ya hii stori. Mwaka wa 2023, utafiti uliofanywa kwa hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulitumia karatasi ya plastiki ya kupima damu mama anayopoteza, halafu dawa hii na matibabu mengine yakapewa yote pamoja, bila kungojana. Kuvuja damu kubaya kulipungua kwa asilimia 60.

Umeona kitu? Ugonjwa mmoja unataka plasmini aamshwe, mwingine unataka atulizwe, lakini yote miwili swali la daktari ni moja: "Ilianza saa ngapi?" So ikitokea kwenu, kabla hujaita nduthi ama ambulensi, cheki saa na uikumbuke.