Kopo Lililofichwa Kichakani: Mchezo au Hatari?

Mchungaji akikuta kopo la plastiki limesukumwa chini ya jiwe, na ndani yake mna daftari, penseli na vitu vidogo vya kuchezea, huenda akafikiria uchawi, mali ya wizi au hata bomu. Lakini huenda pia ni mchezo unaochezwa katika nchi nyingi duniani, uitwao jiokeshingi.

Mchezo huu ulianzia Marekani. Mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya nchi hiyo iliondoa hitilafu iliyokuwa ikiwekwa makusudi katika mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ghafla, kifaa cha mkononi kiliweza kumwonyesha mtu mahali alipo kwa usahihi mkubwa zaidi kuliko awali. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, kisha akatangaza mtandaoni vipimo vya latitudo na longitudo vya mahali hapo. Ndani ya siku chache ndoo ilikuwa imepatikana.

Kanuni yake ilikuwa rahisi: chukua kitu, acha kitu, andika jina lako daftarini. Ndiyo inayofuatwa hadi leo. Anayechukua huacha kitu chenye thamani sawa au zaidi, kisha hurudisha kopo palepale kwa ajili ya atakayefuata. Simu yenye GPS inatosha kucheza.

Mchezo huu unategemea uaminifu kati ya watu wasiojuana. Tatizo hutokea pale asiyeujua anapoliona kopo. Mwaka wa 2011, katika mji wa Wetherby, Uingereza, kopo la aina hii lilizua hofu ya bomu mbele ya mkahawa. Barabara ilifungwa na wataalamu wa mabomu wakalilipua. Lilikuwa kopo la mchezo tu.

Wakazi na wageni wanaotaka kuficha makopo wanashauriwa:

• Kuomba ruhusa kwanza. Shamba lina mwenyewe, na mbuga na misitu ya umma ina wasimamizi. Misitu ya kaya huko Pwani ni mahali patakatifu. Wazee ndio wenye kauli.

• Kutumia chombo kinachopitisha mwanga na kuandika juu yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba ni mchezo, pamoja na nambari ya simu ya mwenyewe.

• Kutochimba ardhi wala kukata miti.

• Kutoweka chakula, dawa, viberiti wala silaha. Chakula huvutia nyani na fisi.

• Kutoficha chochote karibu na shule, soko, kituo cha magari, daraja, mahali pa ibada au ofisi ya serikali.

• Kumjulisha chifu au kamati ya Nyumba Kumi.

Kwa mkazi anayekuta kitu asichokijua, ushauri ni mmoja: usikiguse, usikifungue, wala usikipige teke. Waondoe watoto, sogea mbali, kisha piga simu 999 au 112, au mjulishe chifu. Ikibainika ni mchezo, hakuna aliyepoteza kitu. Isipokuwa mchezo, tahadhari hiyo itakuwa imeokoa maisha.