Fahamu: Udikteta ulipoanguka Lisbon, pwani ya Olumbi ilipata nini?
Maafisa wa jeshi walipompindua Marcelo Caetano, mtawala wa Ureno, mjini Lisbon, tarehe 25 Aprili 1974, hawakuwa na shauri moja juu ya makoloni, kwani Jenerali Spínola alitamani shirikisho, hali vijana waliomtangulia katika mapinduzi walitaka vita vya huko vikome upesi. Hivyo dola iliyotawala hata pwani ya Olumbi, wilayani Palma, Msumbiji, ikakosa mwenye kauli, mpaka mkataba wa Lusaka wa 7 Septemba ulipokikabidhi chama cha ukombozi cha FRELIMO madaraka pasipo uchaguzi.

Uhuru ukaja 25 Juni 1975. Wareno wengi, mafundi na makarani miongoni mwao, wakahajiri. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyochochewa na Rhodesia, kisha Afrika Kusini, vikateketeza roho zikisiwazo milioni moja, visikome ila 4 Oktoba 1992. Kura ya vyama vingi ikapigwa mwaka 1994.