Kuvusha gari mpakani: Kibali ni ahadi ya kurudi

BARABARA inayopita katikati ya mji wa Timau, Kaunti ya Meru, haiishii Isiolo wala Marsabit. Ikishaachana na ile ya Meru katika njiapanda ya Subuiga, huteremka hadi nyanda kame za kaskazini, ikafika Moyale, kisha ikaingia Ethiopia na kuelekea Addis Ababa.

Zamani safari hiyo ilikuwa ya malori yaliyoandamana kwa ulinzi wa polisi, vumbi likitanda na madereva wakihofia majangili. Siku hizi lami imefika hadi Moyale, umbali wa takriban kilomita 500 kutoka Isiolo. Mnamo Desemba 9, 2020, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi zote mbili huhudumu mahali pamoja.

Si ajabu basi kwamba mkulima wa viazi au ngano katika miteremko ya Mlima Kenya hujiuliza kama pikapu yake haiwezi kuvuka mpaka, iwe ni kwa biashara au kumtembelea jamaa. Inaweza. Lakini lami haitoi ruhusa, na anayefika mpakani bila stakabadhi huenda akarudi nyumbani kwa matatu.

Jambo la kwanza kuelewa ni jinsi forodha inavyolitazama gari. Kwa mwenyewe, gari ni chombo cha kumfikisha anakokwenda. Kwa ofisa wa forodha, gari geni ni bidhaa iliyoingia nchini, na bidhaa hutozwa ushuru. Kinachomwepusha msafiri na ushuru huo ni kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kwa hakika, kibali hicho ni ahadi: gari hili halitauzwa huku, nalo litarudi lilikotoka kabla ya siku iliyoandikwa.

Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, msingi wa ahadi hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Sheria hiyo inaruhusu mali kuingizwa kwa muda bila ushuru mradi irudishwe katika miezi 12. Hata hivyo, ofisa anaweza kutoa muda mfupi zaidi, na tarehe iliyo kwenye kibali ndiyo inayomfunga msafiri. Anayeona siku zinamwishia hana budi kuomba nyongeza mapema, si baada ya kukamatwa.

Kabla ya kuondoka Timau, mwenye gari ahakikishe ana hati ya umiliki inayotolewa na Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), leseni ya udereva na pasipoti. Wakenya hawahitaji viza kuingia Ethiopia, lakini pasipoti ni lazima. Anayekwenda Uganda au Rwanda anaweza kutumia kitambulisho cha taifa. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kisisahaulike.

Wengi hukwama kwenye jina lililo katika hati ya umiliki. Iwapo gari ni la ndugu, la kampuni au la chama cha ushirika, dereva anahitaji barua ya idhini ya mwenyewe, na ni busara ithibitishwe na wakili. Iwapo gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki ni mmiliki mwenza. Bila barua ya benki, ofisa ana haki ya kushuku kwamba gari linatoroshwa ili mkopo usilipwe.

Kisha kuna bima. Bima ya kawaida ya Kenya huishia mpakani. Kwa sababu hiyo nchi za kanda hii zilianzisha Kadi ya Manjano ya COMESA, iliyoanza kutumika mwaka 1987. Kadi hiyo hununuliwa kupitia kampuni ya bima ya mwenye gari, na humlinda dhidi ya madai ya watu wengine endapo atasababisha ajali katika nchi mwanachama. Ethiopia na Uganda zimo katika mpango huo, na Tanzania pia imo ingawa ilijiondoa COMESA mwaka 2000.

Ethiopia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo forodha yake ina kanuni zake. Msafiri wa masafa marefu anashauriwa kuuliza mapema kuhusu karneti, hati ya kimataifa ambayo hapa nchini hutolewa na AA Kenya baada ya mwombaji kuweka dhamana. Dereva akumbuke pia kwamba, akishavuka Moyale, atahamia upande wa kulia wa barabara.

Karneti ina sehemu za kukatwa na kupigwa muhuri wakati wa kuingia na wa kutoka. Msafiri akipita mpakani kwa pupa bila muhuri wa kutoka, kwa maandishi gari lake limebaki ugenini hata kama limeegeshwa uani kwake Timau. Nchi husika inaweza kudai ushuru wote, nao ukatolewa katika dhamana yake. Kibali cha kawaida nacho kinahitaji kufungwa vivyo hivyo.

Kibali cha gari hakihusu mzigo. Viazi au vitunguu vilivyopakiwa vina stakabadhi zake, ikiwemo hati ya afya ya mimea kutoka KEPHIS. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Chini ya sheria hiyo ya 2004, gari lililotumiwa kusafirisha bidhaa za magendo linaweza kutaifishwa pamoja na bidhaa zenyewe. Magunia mawili ya sukari ya abiria aliyeomba lifti yanaweza kumgharimu mtu pikapu inayolipa karo ya watoto wake.

Kanuni hizi hazimhusu mwenye gari peke yake. Anayevusha mashua yake juu ya trela ana vitu vitatu vya kueleza: gari, trela yenye nambari yake ya usajili, na mashua yenyewe. Anayevuka majini, kwa mfano katika Ziwa Victoria, anatakiwa kutia nanga katika bandari iliyoidhinishwa na kuripoti kwa forodha. Sheria huruhusu hata mashua kutaifishwa ikibeba magendo, mradi haifikii tani 250.

Ada za mpakani hubadilika, kwa hivyo ni vyema kuuliza katika ofisi ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kabla ya safari badala ya kutegemea mawakala wanaowakimbilia wageni langoni. Kila malipo yawe na risiti, na kila hati itolewe nakala.

Kuuliza si ujinga. Saa moja ya kupanga karatasi nyumbani ni nafuu kuliko juma zima la kulala ndani ya gari lililozuiliwa Moyale. Na safari haijakwisha msafiri anapofika alikokuwa akienda. Itakwisha muhuri wa kutoka utakapopigwa, na gari likarudi lilikoahidiwa kurudi.